Mkono wa Nani kwenye Kitufe?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtayarishaji wa muziki asiyeona ajifunze programu ambayo kisoma skrini kinaweza kuisoma, hata kama mtaani kwake hakuna mwingine anayeitumia? Au abaki na ile iliyozoeleka studio zote, awe na msaidizi mwenye macho wa kumshikia kipanya?

Nimeisikia ikizungumzwa vipande vipande, huku neno, kule neno, na mara nyingi anayezungumziwa hayupo. Hapa nimewakalisha wanne baraza moja. Sikuwapa majina kwa kuwa si watu fulani. Ni misimamo, nami nimeipa midomo. Yupo Prodyuza, mwenye studio ya chumba kimoja iliyozibwa magodoro ukutani. Yupo Mpiga Kinanda, mwanamke asiyeona tangu utotoni, anayetengeneza biti zake nyumbani. Yupo Mwalimu, mtu mzima aliyefundisha wanafunzi wasioona. Na yupo Kijana anayeandika programu za kompyuta. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza, na nasema mapema kwamba nina upande.

PRODYUZA: Nianze na ukweli wa mtaani. Mteja akija kwangu anakuja na projekti kwenye flashi. Ameianzia kwa prodyuza mwingine, anataka niimalizie. Nikiifungua inafunguka, kwa sababu sote tunatumia programu moja. Dada hapa ana kipaji, sibishi, na kwa sikio ananizidi. Lakini akija na programu yake ya peke yake, kazi tutaifanyaje? Si bora akae kitini, aniambie anachotaka, mimi nibofye? Stevie Wonder alifanya hivyohivyo. Alipotengeneza albamu ya Music of My Mind, 1972, lile dude la sinthesaiza waliloliita TONTO lilijaza chumba, na waliokuwa wakichomeka nyaya na kuzungusha vitufe ni Malcolm Cecil na Robert Margouleff. Nani alimwona mdogo kwa hilo?

MPIGA KINANDA: Hakuna, kaka. Lakini Stevie huyohuyo, mwaka 1976, Ray Kurzweil alipotoa mashine ya kumsomea asiyeona kitabu kwa sauti, alikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza kabisa. Mtu maarufu namna ile, mwenye uwezo wa kuajiri watu kumi wa kumsomea barua zake. Alikuwa akitafuta nini? Na hao akina Cecil walikesha naye miaka, ilikuwa kazi yao, na majina yao yako kwenye albamu. Mimi nani atakesha nami? Mdogo wangu ana mtihani kesho.

PRODYUZA: Ndiyo maana nasema uje kwangu.

MPIGA KINANDA: Nimeshakuja kwa wengi kama wewe. Nikueleze kinachotokea. Nasema, "Ongeza mwangwi kidogo." Anaongeza. "Punguza." Anapunguza. "Rudisha ulivyokuwa mwanzo." Ameshasahau ulivyokuwa mwanzo. Mara ya tano namsikia anahema. Mara ya nane nasema, "Basi, iko sawa," na haiko sawa. Zipo nyimbo zangu watu wanazipenda ambazo mimi nikizisikia redioni nazima, kwa sababu ni nyimbo za "basi, iko sawa".

Hapa naingilia. Katika mijadala hii watu hupenda kutaja heshima, utu, kujitegemea, na maneno hayo yote ni ya kweli. Lakini hasara anayoisema huyu dada ni ya kazi yenyewe. Prodyuza anayeona hujaribu ngoma moja, akaitupa, akajaribu nyingine, akapoteza usiku mzima kwenye besi ambayo asubuhi ataifuta. Hakuna anayemhesabia. Usanii wake umejengwa juu ya lundo la majaribio mabovu ambayo hakuna aliyeyasikia. Anayefanya kazi kupitia mkono wa mwingine hulipia kila jaribio kwa subira ya yule mtu, na subira ya mtu ina kikomo. Kwa hiyo hujaribu machache, huchagua lile ambalo ana hakika nalo, na muziki wake unazeeka mapema.

MWALIMU: Wanangu, wapo wasomaji ambao hawajawahi kukisikia hicho kisoma skrini. Kijana, tueleze.

KIJANA: Ni programu inayosema kwa sauti kilichoko kwenye kioo cha kompyuta, huku mtu akitembea kwa vitufe vya kibodi bila kugusa kipanya. Wengi hudhani inakitazama kioo kama sisi. Haitazami. Inauliza mfumo wa kompyuta, "Hapa kuna nini?" Mfumo unajibu, "Kitufe, kinaitwa Cheza, kimebonyezwa." Jibu hilo hutoka kwa aliyeandika programu ya muziki. Sasa wengi wetu waandishi tumeamua kuchora kila kitu wenyewe, vile vitelezi na vitufe vya kuzungusha, ili programu ifanane kwenye Windows na Mac na ipendeze kama mitambo ya studio za zamani. Mchoro hauna jina. Kisoma skrini kikiuliza hapa kuna nini, kinajibiwa, "Dirisha." Kimeishia hapo.

MWALIMU: Yaani fundi amechora mlango ukutani.

KIJANA: Kabisa, Mwalimu. Na kisingizio cha kukosa zana kimekwisha. Plagini, zile nyongeza za programu za muziki, nyingi duniani huandikwa kwa kutumia JUCE, na tangu toleo la 6.1 la mwaka 2021 zana hiyo ina njia ya kukiambia kisoma skrini jina na hali ya kila kitufe. Programu ya muziki ya Ableton Live ilitoka mara ya kwanza 2001. Visoma skrini vikaweza kuisoma kuanzia toleo la 12, Machi 2024. Miaka 22 ilipita. Lakini nisiwadanganye kwamba yote ni mepesi. Kukipa kitufe jina ni kazi ya dakika. Kumweleza mtu wimbi la sauti, au gridi ya biti ambayo mwenye macho anaitazama mara moja akaielewa, ni kazi ya kufikiri upya: anatembeaje humo ndani, anaambiwa nini na ananyamaziwa nini. Kisoma skrini kinachosema kila kitu kinachosha kama kile kisichosema chochote.

PRODYUZA: Basi dada atueleze, maana mimi naona kama maajabu. Unakataje voko usiyoiona?

MPIGA KINANDA: Chukua kazi ndogo kabisa. Mwimbaji amevuta pumzi kwa nguvu kabla ya kiitikio. Wewe unaliona wimbi, unakata. Mimi sikio la kulia nimevaa hedifoni ya muziki, sikio la kushoto nina ile ya laptop inayonisomea. Nashuka kwa mshale kwenye traki, naambiwa, "Voko kuu." Naruka baa kwa baa, inanihesabia: kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Nabonyeza Tab, kishale kinaruka chenyewe mpaka pale sauti inapoibuka. Nasikiliza: ni pumzi. Herufi S, nimekata. Tab tena, kishale kimefika mwanzo wa neno. S. Kipande cha katikati nakifuta, narudi baa mbili nyuma, nasikiliza. Neno limeanza kavu mno, kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Natengua. Pumzi inarudi, naipunguza desibeli nane badala ya kuifuta. Sasa mwimbaji anapumua kama binadamu. Haijafika hata dakika moja, na nimebadili mawazo mara mbili bila kumwomba mtu radhi. Na sauti ikizidi kipimo, wewe unaona taa nyekundu. Mimi nimeweka mlinzi: ikivuka kiwango nilichopanga, naambiwa kwa namba.

PRODYUZA: Programu gani hiyo?

MPIGA KINANDA: REAPER, na juu yake nyongeza inayoitwa OSARA, na chini yake NVDA, ambayo ndiyo kisoma skrini chenyewe.

Mtu wa rika langu huenda akamkumbuka Justin Frankel bila kumjua jina: ndiye aliyetengeneza Winamp, iliyopiga MP3 kwenye kila kompyuta ya intaneti kafe. REAPER ni kazi yake pia. Leseni nafuu ni dola 60, na unaruhusiwa kuijaribu siku 60 kwanza. NVDA ni bure. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, wote wawili hawaoni, na walifahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Baadaye Teh huyohuyo akaandika OSARA, nayo ikatolewa bure, msimbo wake wazi kwa anayetaka kuusoma. Nikiifikiria hadithi hiyo nashindwa kuiona kama jambo la kompyuta tu. Watoto wawili walikutana kwa ajili ya muziki, na leo chombo walichokijenga ndicho kinachomsomea mtu namba ya baa usiku wa manane.

PRODYUZA: Sawa, mmesema vizuri. Sasa niruhusuni swali gumu. Hiyo OSARA ni kazi ya kujitolea. Wakichoka je? Dada amejifunza miaka mitano, mara toleo jipya linatoka, kila kitu kimekaa kimya. Programu ya kampuni kubwa angalau ina watu wanaolipwa.

Swali hili halipuuziki, na jibu la kwanza linatoka kwenye historia ya kampuni kubwa hizohizo. Kabla ya mwaka 2001 wahandisi wa sauti wasioona walikuwa wakitumia programu ya kurekodi ya Pro Tools kwenye Mac, wakisaidiwa na kisoma skrini kilichoitwa outSPOKEN. Mac OS X ikaja, mfumo ukabadilika mzima, na njia ile ikakatika. Watu waliokuwa na studio na wateja wakajikuta wameshikilia mitambo ya zamani kwa miaka, wakiomba isife. Mtayarishaji asiyeona wa New York, Slau Halatyn, ni miongoni mwa waliobeba madai ya kuirudisha njia hiyo, na hatimaye Pro Tools ikasomeka tena, safari hii kwa VoiceOver, kisoma skrini kilichomo ndani ya Mac. Kulipwa mshahara hakukuizuia njia isikatike. Ilirudi kwa sababu wenye kuihitaji hawakuondoka mlangoni.

KIJANA: Na msimbo ukiwa wazi, akichoka mmoja mwingine anaweza kuuchukua. Sisemi lazima atachukua.

MPIGA KINANDA: Kaka, hofu yako ninayo pia. Kila toleo jipya likitoka naliacha wiki kadhaa wengine walijaribu kwanza. Tena nikupe la kuongezea. Niliwahi kununua plagini, pesa ikakatwa, nikafika kwenye dirisha la kuweka namba ya leseni: halisomeki. NVDA inaweza kukichukua kioo kama picha na kuyatambua maandishi yake, na hilo limeniokoa mara nyingi. Lakini ikikuambia neno fulani lipo pale, haikuambii kama linabonyezeka. Plagini nyingine hufungua orodha ya vipimo vyake kwa namba, hapo sihitaji picha yake, narekebisha kila kimoja kwa mshale. Nyingine orodha yake inasema "kipimo cha kwanza, kipimo cha pili" mpaka cha mia. Hizo nimezitupa, hata ziwe tamu vipi.

MWALIMU: Mimi nina kidonda kingine. Kisoma skrini hiki kina sauti ya Kiswahili, inatoka kwa programu ya kusemesha maandishi iitwayo eSpeak NG, imo ndani ya NVDA. Lakini programu zimeandikwa Kiingereza. Basi mtoto akiweka sauti ya Kiswahili, anasikia "sa-ve". Anasikia "mu-te". Anasikia "fa-de". Akiweka sauti ya Kiingereza, jina la traki aliloliandika yeye, "Ngoma ya mguu", linasomwa na mtu ambaye hajawahi kuisikia lugha yetu. Nimewaona watoto wakichagua "sa-ve". Wanaambiana, "Umeshapiga sa-ve?" Wanaelewana, kazi inakwenda. Halafu wanakutana na mtu wa studio anawaambia kitu kilekile kwa matamshi mengine, wanaduwaa. Mtoto anadhani hajui, kumbe anajua.

PRODYUZA: Mwalimu, hata sisi tunaoona, nusu ya vitufe tunavijua kwa mahali vilipo. Maana yake hatukufundishwa.

MWALIMU: Ndiyo nisemayo. Mwenye macho anaweza kutojua jina na bado akafanya kazi. Asiyeona kila kitu kinamjia kwa jina. Basi nani anakaa kuyapa majina haya Kiswahili chake? Msikae mkisema lugha haitoshi. Mwangwi ni mwangwi. Kunyamazisha traki ni kunyamazisha. Wakati wangu darasani uliisha kwa kutafsiri vitufe, muziki wenyewe ukabaki na dakika kumi.

Nilitaka Mwalimu aendelee, lakini aliishia hapo, akauliza kama chai ipo.

PRODYUZA: Tuseme nimekubali dada afanye kazi nyumbani kwake na programu yake. Projekti yake inafikaje kwangu?

MPIGA KINANDA: Kila traki nakutolea kama faili lake la WAV, yote yakianzia sifuri hata kama gitaa linaingia dakika ya tatu. Ukiyaburuta kwenye programu yako, yanakaa mstari mmoja yenyewe. Kasi ya wimbo nimeiandika kwenye jina la faili. Ukitaka kubadili noti za kinanda, nakuambatishia MIDI. Hiyo ipo tangu 1983 na inafunguka kila mahali.

PRODYUZA: Na zile plagini zako? Ile mipangilio ya mwangwi uliyokaa nayo usiku mzima?

MPIGA KINANDA: Hapo umeshinda. Haibebeki. Nakutolea mafaili mawili, kavu na lenye mwangwi, uchague. Ukitaka kuubadili mwangwi wenyewe, itabidi unipigie simu.

PRODYUZA: Sasa umeona! Mimi nitakuwa nakuomba wewe ubofye.

MPIGA KINANDA: Na mara ya nane nitakuwa bado nakusikiliza, kaka. Nayajua yanavyouma.

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kijana alikuwa na simu mkononi, nadhani alikuwa akiitazama kazi yake mwenyewe.

KIJANA: Ile programu ndogo ya kinanda niliyoitoa mwaka jana... sikuweka jina hata moja.

MPIGA KINANDA: Naijua. Niliifungua, ikasema "dirisha".

KIJANA: Nisamehe, dada.

MPIGA KINANDA: Ina vitufe vingapi?

KIJANA: Kumi na vinne.

MPIGA KINANDA: Nitumie ukishaviandika. Nitakupimia.

PRODYUZA: Mimi programu yangu siiachi. Wateja wangu wako humo, na watu wanataka kazi Ijumaa. Lakini ninayo laptop ya zamani pale studio, haifanyi kitu, wanachezea karata. Nikipakua hizo tatu, bando kiasi gani?

MPIGA KINANDA: Zote tatu hazifiki MB 200.

PRODYUZA: Nikishaziweka, ukija kurekodi unakaa mwenyewe?

MPIGA KINANDA: Nakaa mwenyewe. Ila kuna jambo moja lazima ulitengeneze kabla sijafika. Siku ya kwanza nilipochomeka kadi ya sauti ya nje kwenye kompyuta yangu, programu ya muziki iliichukua kadi yote, kisoma skrini kikakatika katikati ya neno. Feni inazunguka, mashine nzima, mimi sina neno hata moja. Sijawahi kujiona kipofu kama siku ile. Nilikaa nimeshika kibodi mpaka mdogo wangu aliporudi dukani.

PRODYUZA: Dawa yake?

MPIGA KINANDA: Shika Insert, bonyeza N, menyu ya NVDA inafunguka. Ingia mipangilio, upande wa sauti. Kifaa cha kutolea sauti, chagua spika za laptop yenyewe, usichague kadi yako ya nje. Muziki upite kwenye kadi, maneno yapite kwenye laptop, kila kimoja na njia yake. Mwimbaji naye hatasikia kisoma skrini kwenye hedifoni zake, maana ni kitu kinachowachanganya waimbaji sana.

PRODYUZA: Ngoja niandike. Insert na N. Na hedifoni mbili nitazitoa wapi?

MPIGA KINANDA: Moja nakuja nayo. Wewe niachie tundu la laptop wazi.